Mwenzako akiambiwa moyo umetanuka: namna ya kuuguza bila kuipoteza ndoa

Mume wangu, Baba Salma, aliendesha malori ya mizigo njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma kwa miaka mingi, akiwa na presha ambayo dawa zake alikuwa akinywa pale anapokumbuka. Mwaka 2019 miguu ikaanza kuvimba, akawa hawezi kulala bila kuegemea mito mitatu, na kipimo cha eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, kikaonyesha kuwa moyo umetanuka na nguvu yake ya kusukuma damu imeshuka hadi asilimia 30. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Temeke. Ninamwandikia mke au mume aliyetoka kliniki leo na bahasha ya vipimo mkononi, asijue aanzie wapi.

Mambo ya dawa mtaelekezwa na daktari. Ninayotaka kuyasema ni yale ambayo foleni ya kliniki haiyapi nafasi. Ugonjwa wa moyo huingia jikoni, huingia chumbani, huingia hata kwenye sauti mnayosemeshana nayo. Usipowekewa mipaka, mume anageuka mtoto na mke anageuka askari wa kumlinda. Mkifika hapo, dawa zinaweza kufanya kazi yake vizuri kabisa na bado nyumba ikakosa raha.

Ingieni kwa daktari pamoja

Ile asilimia 30 ilitukosesha usingizi. Baba Salma aliichukulia kuwa ndiyo sehemu ya uhai iliyobaki, na wengi niliokaa nao kwenye benchi za kliniki wameichukulia hivyo hivyo. Sivyo. Hata moyo mzima hausukumi nje damu yote iliyomo ndani yake: kila pigo hutoa kama asilimia 55 hadi 70. Aliye na 30 anasukuma karibu nusu ya kawaida. Ni ugonjwa mzito, lakini si hukumu ya kwamba theluthi mbili ya mtu imekwisha kufa. Na kwa wagonjwa wengi wanaokunywa dawa zao bila kuruka, namba hiyo hupanda tena kwa kiasi.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza ni kuingia wote wawili kwenye chumba cha daktari. Akiingia mmoja, huyo anageuka mjumbe, na aliyebaki nje anaanza kuhisi kuna jambo anafichwa. Nimeona ndoa zikiingia baridi kwa sababu hiyo tu. Mkiwa ndani ulizeni mambo matatu: anaruhusiwa kufanya nini, amekatazwa nini, na dalili gani ikitokea tusisubiri tarehe ya kliniki. Andikeni majibu hapo hapo, maana mtu mwenye hofu hasikii vizuri.

Gawaneni kazi za ugonjwa

Ugonjwa huu una kazi zake za kila siku, na majumbani nyingi humwangukia mtu mmoja. Kwetu, mizani ni ya mgonjwa mwenyewe. Anajipima kila asubuhi akishatoka chooni, kabla ya chai, akiwa na nguo nyepesi, na anaandika kwenye daftari kwa mkono wake. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hakuna aliyenenepa. Hayo ni maji yanayojikusanya mwilini, na inabidi kliniki ijue mapema. Dawa za wiki ninazipanga mimi Jumapili kwenye kiboksi chenye vyumba saba, lakini kumeza ni kazi yake na simsimamii. Ile ya kukojoza, Lasix, anakunywa asubuhi kama alivyoelekezwa, ili usiku usikatwekatwe na safari za chooni. Mkilala vizuri, ugomvi unapungua. Hili wala halihitaji daktari kulithibitisha.

Kisha tukaweka saa ya ugonjwa. Baada ya chai ya asubuhi tunaulizana: umelalaje, miguu imevimba, pumzi ikoje, dawa gani inakaribia kuisha. Tukimaliza, tumemaliza. Siku inayobaki ni ya mambo mengine: watoto, bei ya mchele, habari za jirani. Saa hiyo ilitokana na maneno yake mwenyewe: “Mama Salma, ukiniuliza kutwa ninajisikiaje, hunipi nafasi ya kujisikia vizuri.”

Zipo dalili zinazovunja utaratibu huo, saa yoyote ya mchana au usiku: kukosa pumzi akilala chali, kuamka usiku akihema, maumivu ya kifua, kuzimia, moyo kwenda mbio au kurukaruka bila kutulia, midomo kubadilika rangi, tumbo au miguu kuvimba ghafla. Hapo hakuna kuulizana mara mbili, ni hospitali. Mgonjwa akijua kwamba dalili hizo umezishika barabara, inakuwa rahisi kwake kukubali umwache apumue kwa mambo madogo.

Mwachie kazi

Hili ndilo gumu kuliko yote kwa sisi wauguzaji. Mtu aliyelisha nyumba kwa usukani anakaa barazani akiwatazama wenzake wakienda kazini, halafu akiinuka kuchukua ndoo ya maji, mke anainyakua. Anamsaidia, ndiyo, lakini mwenzake anachosikia ni: wewe si mtu tena. Kurudi kwenye lori halikuwa jambo la kujadiliwa, kwa usalama wake na wa watu walioko barabarani. Ndiyo maana kila kazi iliyobaki ikawa na thamani kubwa.

Muulizeni daktari kiwango, kisha jazeni kiwango hicho. Mgonjwa aliyetulia hahimizwi kulala kitandani. Madaktari wa moyo humtaka atembee, kwa mwendo ambao bado anaweza kuzungumza bila kukata maneno. Baba Salma anatembea asubuhi jua likiwa bado dogo, anapitia sokoni, ananunua samaki na mboga. Mzigo mzito unakuja na bajaji. Jioni anaandika hesabu za kikoba cha mtaa wetu, na vijana wa bodaboda wanaotaka leseni wanakuja barazani awafundishe alama za barabarani. Wanamwita Mwalimu, na mimi mwalimu wa serikali ninafurahi kupokonywa jina hilo.

Unapomwona anafanya jambo na moyo wako unaruka, usiinuke. Sema, “Nikusaidie?” kisha ungoje jibu. Akisema hapana, na daktari hakulikataza jambo hilo, kaa. Akitaka kupumzika katikati atapumzika, na kazi itaisha kwa muda wake.

Chumvi isimtenge mtu

Ugomvi wetu mwingi wa mwanzo ulitoka jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima yeyote asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na mwenye moyo uliochoka ana sababu zaidi ya kujizuia. Lakini ukimpikia mgonjwa kijungu chake cha pembeni, umemtenga na sinia. Mtu aliyezoea kula na wanawe anakula peke yake kama mgeni, na huzuni inaanzia hapo.

Pikeni chungu kimoja chenye chumvi kidogo kwa nyumba nzima. Watoto watanung'unika, kisha ulimi utazoea. Mimi ninatumia ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, bizari na kotimiri kwa wingi. Vya kuangalia ni vile vinavyoficha chumvi: vidonge vya mchuzi, ng'onda na samaki wengine wa chumvi, soseji, supu ya asubuhi ya mtaani, na magadi tunayotia kwenye maharage, maana nayo yamejaa sodiamu. Chumvi ya dukani inayoandikwa kuwa haina sodiamu usimnunulie bila kuuliza. Mara nyingi ni potasiamu, na kwa mtu anayetumia dawa za moyo kama spironolaktoni au enalaprili, potasiamu inaweza kupanda kupita kiasi kwenye damu hadi mapigo ya moyo yakavurugika. Madafu nayo yana potasiamu nyingi. Mama mkwe akija na madafu kutoka Pangani tunampokea kwa furaha, na Baba Salma anaonja kwa kipimo alichoruhusiwa kliniki.

Wifi yangu aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba kaka yao anakonda kwa sababu anapikiwa chakula cha hospitali. Aliyemjibu ni Baba Salma mwenyewe: “Chakula hiki tumekichagua wawili.” Mgonjwa akilisema yeye, linakwisha. Mke akilisema, linaanza. Pangeni mapema nani atajibu nini.

Unyumba

Kliniki hawaulizi, na sisi tunaona haya. Matokeo yake mke analala ukingoni mwa kitanda akiogopa kumuua mumewe, mume anadhani amechukiwa, na hakuna anayesema neno. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua.

Nianze na hofu ya kifo, maana ndiyo inayotangulia. Kufa wakati wa tendo la ndoa ni jambo la nadra sana. Tendo lenyewe hutaka nguvu inayokaribia ile ya kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa haraka kidogo. Anayeweza kupanda hivyo bila maumivu ya kifua na bila kukosa pumzi, na hali yake imetulia, kwa kawaida anaweza kurudi kwenye unyumba, baada ya daktari wake kukubali. Aliyepasuliwa kifua huelezwa asubiri wiki 6 hadi 8 ili mfupa wa kifua uunge. Ambaye miguu bado imejaa maji, au anahema akiwa amekaa tu, asubiri hali itulie kwanza.

Chagueni wakati amepumzika, si baada ya mlo mkubwa wala baada ya safari ya kutwa. Mlalo usiombana kifua, au ambao yeye si mwenye kubeba uzito, ni bora. Na pale ambapo tendo haliwezekani, msiache kugusana. Msugue miguu, mlale mkikumbatiana, mwoge pamoja. Wanandoa wengi huacha vyote kwa pamoja kwa kuogopa kuanzisha wasichoweza kukimaliza. Kubalianeni kwa maneno kabisa kwamba kukumbatiana leo hakudai kitu kingine, na mtaona mkono unarudi.

Nguvu za kiume zikipungua, zipo sababu nyingi: ugonjwa wenyewe, mishipa ya damu, kisukari, huzuni, na baadhi ya dawa. Zile za kupunguza mapigo ya moyo zinaweza kuchangia, na spironolaktoni inaweza hata kumfanya mwanamume avimbe matiti na yamuume. Asiache dawa kimyakimya. Kukatisha ghafla dawa ya kupunguza mapigo kunaweza kuleta hatari kubwa. Amwambie daktari, maana mara nyingi dozi au aina hubadilishwa. Kama kulisema mbele yako kunamtia aibu, toka nje dakika tano, au aandike kwenye karatasi na kumpa daktari. Karatasi imewasaidia watu wengi ninaowafahamu.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo wote. Dawa za kuongeza nguvu, kama sildenafili, zikikutana mwilini na dawa za moyo za jamii ya naitreti, kikiwemo kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikiuma, presha inaweza kuporomoka hadi mtu akafa. Asinunue duka la dawa kwa siri. Na ule unga wa mitaani unaoitwa vumbi la Kongo, ambao anayeuuza mwenyewe hajui kilichomo, usiingie kwenye nyumba yenye mgonjwa wa moyo.

Huzuni ni sehemu ya ugonjwa, nayo hutibiwa

Kwa wagonjwa ambao moyo wao umeshindwa kusukuma damu sawasawa, karibu mmoja kati ya watano ana sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa. Si uvivu wala upungufu wa imani. Na si suala la moyo wa mashairi peke yake: mgonjwa mwenye sonona huruka dawa, huacha kutembea, hulazwa tena mara nyingi zaidi, na hatari yake ya kufa huongezeka. Kwa hiyo kuitafuta na kuitibu ni sehemu ya kuutibu moyo.

Ugumu ni kwamba dalili zinafanana. Uchovu, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, vyote vinaweza kutoka kwenye moyo. Mimi ninaangalia yale ambayo moyo peke yake hauyaelezi. Ameacha kucheka na mjukuu. Hataki redio ya mpira aliyokuwa haikosi. Anasema, “Mimi ni mzigo tu hapa.” Anakasirika kwa kijiko kuanguka. Kwa wanaume wetu, huzuni mara nyingi huvaa nguo ya hasira, na mke anadhani amechokwa kumbe mwenzake anazama.

Yapo maswali mawili ambayo hata wahudumu wa afya huyatumia. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejisikia mwenye huzuni, mnyonge au uliyekata tamaa? Kila swali lina alama: 0 kama haikutokea, 1 kwa siku kadhaa, 2 kwa zaidi ya nusu ya siku hizo, 3 kwa karibu kila siku. Jumla ikifika 3 au zaidi, mwambieni daktari kwa jina lake: tunahisi ana sonona. Usiyaulize kama mtihani. Yaulizeni wote wawili, kila mmoja amjibu mwenzake, maana hata wewe unaweza kukuta alama zako zimezidi zake.

Tiba ipo. Kuna mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, hospitali za rufaa wanao, na kuna dawa. Muhimu ni kwamba anayeandika dawa ya huzuni ajue ugonjwa wa moyo, kwa sababu zipo ambazo hutumiwa kwa wagonjwa wa moyo kwa usalama, kama sertralini, na zipo za zamani, kama amitriptilini, zinazoweza kuvuruga mapigo. Beba orodha yote ya dawa zake. Matembezi ya kila siku nayo hupunguza huzuni, na swala ya jamaa na jirani wa kuzungumza naye vina nafasi kubwa. Vyote hivyo viende pamoja na hospitali. Shehe au mchungaji anayemwambia mgonjwa aache dawa kwa kuwa ameshaombewa, msimfuate.

Kwetu sisi Waislamu, Ramadhani ni mtihani wa pekee. Daktari akimkataza kufunga, mgonjwa anaweza kuumia kuliko siku aliyopewa jina la ugonjwa. Baba Salma alikuwa akitoka barazani wakati wa kuftari kwa kuona haya. Tukasoma pamoja sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, zinazompa mgonjwa ruhusa, na imamu wa mtaa akaja kumweleza habari ya kulisha masikini kwa asiyetarajia kuweza kulipa siku zake. Tangu hapo fidia ile anaipeleka yeye mwenyewe kwa mkono wake, na wakati wa futari yeye ndiye anayekata tende na kuwagawia watoto. Tafuta jambo ambalo ugonjwa umemnyang'anya mwenzako katika ibada au mila, kisha mtafutie mlango mwingine wa kuingilia.

Akisema amechoka kuishi, au anaanza kuaga, au anagawa vitu vyake, usimnyamazishe kwa “acha maneno hayo”. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, zitoe dawa mikononi mwake, maana dawa za moyo zikizidi huua, na mfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Mgonjwa akiwa mke

Nimeandika kama mke wa mgonjwa, lakini kliniki nimekaa na mabinti wengi. Kuna ambao moyo ulitanuka mwisho wa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua. Kuna walioharibikiwa milango ya moyo kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni, wengine wakawekewa milango ya chuma na wanatumia warifarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Hawa wanabeba mzigo ambao waume hawaubebi. Mume akiugua, mke anaambiwa avumilie. Mke akiugua, mume anaambiwa aoe mwingine, na binti anarudishwa kwao na mfuko wa dawa. Hili linaniuma, na ninalisema wazi kwa waume wanaosoma: mwenzio hakujiletea.

Kwenu jambo la kwanza la kujadili ni uzazi. Kwa baadhi ya magonjwa haya, mimba nyingine inaweza kumuua. Warifarini na dawa kama enalaprili zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mimba isitokee kwa bahati. Ipangwe na daktari wa moyo na wa uzazi kwa pamoja, au izuiwe. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili huongeza hatari ya damu kuganda, na wengi wa wagonjwa hawa huelekezwa kwenye kijiti au kitanzi. Mume anaweza pia kufunga uzazi yeye, ni upasuaji mdogo. Na mkwe akiuliza mjukuu yuko wapi, mume ndiye atoe jibu, mbele ya mkewe, mara moja na kwa sauti inayosikika.

Wewe unayeuguza

Usiku unasikiliza pumzi yake. Akihema unaamka, akinyamaza unaamka. Mchana unafundisha, unauza, unakimbilia dawa. Mwili unalipa. Pima presha yako kila unapompeleka yeye kliniki, mashine si iko pale pale? Huzuni na mshtuko mkubwa vinaweza kuudhoofisha hata moyo uliokuwa mzima. Madaktari wa Japani waliieleza hali hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1990, na huwapata zaidi wanawake wa umri wangu.

Tafuta usiku mmoja katika wiki ambao mtu mwingine analala karibu naye, mtoto mkubwa au shemeji, nawe ulale chumba kingine. Usione vibaya. Usimwombe ndugu msaada kwa ujumla, maana atasema “tuko pamoja” na hutamwona. Mpe kazi yenye siku na saa: shemeji, Alhamisi asubuhi umpeleke kaka yako kliniki, mimi nina mitihani. Endelea na kikoba chako, kwaya yako, madrasa yako, chochote kilichokuwa chako. Na hasira ikikujia, mwambie mtu asiye wa nyumba hiyo. Unaweza kumpenda mtu sana na bado ukamkasirikia kwa kuugua.

Pesa na wasia

Kipato kimoja kikikatika, wekeni hesabu mezani wote wawili, hata kama ni chungu. Kadi yangu ya NHIF inamhusu na yeye kama mwenza, na hilo limetuokoa. Asiye na bima aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hajaanza kuuza kiwanja. Dawa za kila siku zitangulie kwenye bajeti kuliko michango ya harusi. Ndugu watakasirika, na watazoea.

Zungumzeni pia habari za kifo, siku ambayo mgonjwa ana nafuu. Madeni, hati ya nyumba, anayetudai na tunayemdai, watoto wakae na nani. Baba Salma ndiye aliyeanzisha kwetu, akaandika kila kitu kwenye daftari lile lile la uzito, kurasa za nyuma, kisha tukaita mashahidi ikaandikwa rasmi. Niliogopa kwamba mazungumzo hayo yangemvunja. Usiku huo alilala kuliko siku zote za mwezi ule.

Kabla ya tarehe ya kliniki, jioni yake, kaeni dakika chache mtayarishe vitu hivi: daftari la uzito, dawa zote na maboksi yake hata za kienyeji, kadi ya bima, vipimo vya nyuma, na maswali yasiyozidi matatu yaliyoandikwa. Moja kati ya hayo liwe la mgonjwa peke yake, lisiloonwa na wewe. Moja liwe lako.